Jinsi ya Kuchagua Msumeno wa Nakshi wa Kwanza kwa Bajeti ya Wastani

Msumeno wa nakshi, ambao wauzaji wengine huuita skrolisoo, ni mashine ya mezani inayoshika bledi nyembamba kwa ncha zake mbili, ya juu na ya chini, na kuipandisha na kuishusha mara mamia kwa dakika, huku fundi akiuzungusha ubao kwa mikono yake kufuata mchoro. Tofauti yake kubwa na jigsoo ya mkononi ni kwamba hapa mashine hutulia na ubao ndio unaotembea. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kukata kona kali, herufi ndogo, vipande vya fumbo la kupanga, na nakshi za kutoboa zenye matundu mengi ambayo hakuna msumeno mwingine wa umeme ungeyaweza.

Anayenunua mashine hii kwa mara ya kwanza akiwa na fedha za wastani, yaani zinazozidi bei ya mashine rahisi kabisa lakini hazifikii zile za mafundi waliobobea, hulazimika kuchagua ni ubora gani aulipie na upi auache. Sanduku la mashine humsukuma kuulipia ukubwa, kwa kuwa tarakimu iliyoandikwa kwa herufi nene kuliko zote ni ile ya inchi. Mimi naamini kwamba fedha hizo zinapaswa kwenda kwingine: kwenye vibanio vinavyoshika bledi, na kwenye utulivu wa mashine inapofanya kazi. Mashine ndogo iliyo imara katika mambo hayo mawili hufundisha haraka na hutumika kwa miaka, ilhali kubwa iliyo dhaifu humchosha mwanafunzi kabla hajajua kama kosa ni lake au ni la chombo.

Anza kwa kutazama vibanio

Ili kuelewa kwa nini vibanio vina uzito mkubwa hivyo, fikiria jinsi tundu la ndani linavyokatwa. Kwanza hutobolewa kitundu kwa keekee ndani ya eneo la kuondolewa. Kisha mkazo wa bledi hulegezwa, ncha moja hufunguliwa, bledi hupenyezwa katika kitundu, ncha hubanwa tena, bledi hukazwa, na ndipo kukata kuanze. Tundu likiisha, hatua zote hurudiwa kwa tundu linalofuata. Nakshi ya kawaida ya kuning'iniza ukutani inaweza kuwa na matundu 60. Ikiwa kila badiliko linahitaji ufunguo wa pembe sita na huchukua dakika 2, saa 2 nzima zimepotea bila hata milimita moja kukatwa. Ikiwa kibanio hufunguliwa kwa vidole na huchukua sekunde 20, kazi hiyohiyo inagharimu dakika 20 tu. Hakuna nguvu ya mota wala urefu wa mkono wa mashine unaoweza kufidia tofauti hiyo.

Jambo la kwanza la kuuliza, basi, ni aina ya bledi inayoingia katika mashine. Bledi za kawaida za msumeno huu zina urefu wa inchi 5, yaani karibu milimita 127, na ziko za namna mbili. Zipo zenye pini ndogo iliyopita katikati ya kila ncha, ambazo hutundikwa kwenye ndoano za mashine bila kukazwa kwa skrubu. Na zipo bapa, zisizo na pini, ambazo hubanwa kama karatasi kati ya taya mbili. Za pini ni rahisi kuzitundika, lakini kitundu cha kuzipenyeza lazima kiwe kikubwa kiasi cha kupitisha pini, na zenyewe hazitengenezwi katika unene ule mdogo kabisa unaohitajika kwa kazi laini. Bledi bapa iliyo nyembamba hupita katika kitundu cha takriban milimita 1.

Mashine yangu ya kwanza ilikubali bledi za pini pekee. Nililijua hilo nilipoinunua, lakini sikulielewa. Mwezi wa pili nilijaribu kukata jani lenye mishipa myembamba, na kila kitundu nilichotoboa kilikuwa kinene kuliko mshipa wenyewe. Kazi yote niliyokuwa nimeipanga ikawa haiwezekani. Kwa hiyo ushauri wangu hapa hauna masharti: usinunue mashine isiyokubali bledi bapa. Ikikubali zote mbili, ni vizuri zaidi, mradi uhakikishe kwamba kibanio cha bledi bapa ni sehemu kamili ya mashine na si kipande cha ziada kinachopachikwa kwa shida na kuanguka kila bledi inapolegea.

Ukifika mbele ya mashine, omba kuibadilisha bledi wewe mwenyewe, mara tatu au nne mfululizo. Angalia kama skrubu za kibanio cha juu zinakazwa kwa vidole bila kuumiza, kama vidole vyako vinafika kwa urahisi kwenye kibanio cha chini kilichojificha chini ya meza, na kama bledi inajipanga wima yenyewe au inahitaji kuelekezwa kwa jicho. Uliza pia kama vibanio vinauzwa peke yake kama vipuri, kwa maana ndivyo vinavyochakaa mapema: ncha ya skrubu hulainika kwa kusuguana na chuma cha bledi, na siku moja bledi huanza kuchomoka katikati ya mkato. Wakati mwingine lawama hizo si za kibanio, kwa kuwa bledi mpya hupakwa mafuta ili zisishike kutu, na kuzifuta ncha zake kwa msasa laini kabla ya kuzifunga huondoa tatizo mara moja.

Sambamba na vibanio kuna kifaa cha kukazia. Katika mashine nyingine ni kitasa kilicho nyuma, ambacho fundi hukifikia kwa kuinuka au kunyoosha mkono. Katika nyingine ni wenzo mfupi ulio mbele, juu ya kibanio, unaokaza na kulegeza kwa mzungusho mmoja. Wa mbele ni bora zaidi, na kwa atakayekata matundu mengi ningesema ni wa lazima. Bledi iliyokazwa ipasavyo ukiigusa kwa ncha ya kidole kama uzi wa zeze hutoa sauti nyembamba na safi. Iliyolegea hutoa mlio mzito, huyumba kwenye kona, na hukata ukuta uliopinda kama tumbo hata kama mchoro wa juu umefuatwa bila kosa.

Mtetemo na mikono inayousababisha

Mtetemo si kero ya masikio tu. Ubao unaporukaruka, mstari wa penseli hauonekani vizuri, vidole huchoka kwa kuukandamiza, na bledi hukatika upesi. Chanzo chake kikubwa ni uzito unaobadilisha mwelekeo mara mbili katika kila pigo, na uzito huo hutegemea jinsi mikono ya mashine ilivyoundwa.

Muundo rahisi ni wa mkono mmoja wenye umbo la herufi C, unaoyumba kwenye egemeo moja lililo nyuma. Kwa kuwa mkono wote huzunguka egemeo hilo, bledi haipandi wima. Husogea mbele na nyuma kidogo kama upinde. Hukata kwa kasi, lakini kwenye kona kali mwendo huo wa mbele na nyuma hupanua njia ya msumeno na kuiharibu ncha ya kona. Muundo ulioenea zaidi katika mashine za bei nafuu na za wastani ni wa mikono miwili sambamba, mmoja juu na mwingine chini, kila mmoja ukiwa na egemeo lake; hapo bledi hubaki karibu wima katika pigo zima. Wa tatu ni wa viungo sambamba, ambamo kiunzi cha nje hakitikisiki hata kidogo, na fito zilizo ndani yake huvutwa na kusukumwa ili kutikisa vipande vifupi tu vya mbele vinavyoshika bledi. Kitu kinachosogea kikiwa chepesi, mtetemo hupungua, na hiyo ndiyo sababu ya mashine za aina hii kusifiwa kwa utulivu.

Mfano unaojulikana sana wa muundo huu wa tatu ni DeWalt DW788, yenye nafasi ya inchi 20 kati ya bledi na kiunzi cha nyuma, kasi ya mapigo 400 hadi 1,750 kwa dakika, na vitasa vyote muhimu vikiwa mbele. Kwa wengi ndiyo kilele cha bajeti ya wastani, au iko juu yake kidogo, na mara nyingi ni busara kuitafuta iliyotumika. Upande wa chini wa bajeti kuna mashine za inchi 16 zenye mikono sambamba kama WEN 3921, inayokubali bledi za pini na bapa. Kati ya hizo mbili kuna kundi kubwa la mashine zinazofanana mno kwa umbo, zikiuzwa kwa majina na rangi tofauti; katika kundi hilo jina lisikushughulishe, ishughulikie ile mashine moja iliyo mbele yako.

Namna ya kuipima ni rahisi. Iwashe bila ubao, simamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza, kisha pandisha kasi polepole. Ni mashine chache sana ambazo sarafu itabaki wima katika kasi zote, na usiidharau mashine kwa kuiangusha. Unachotafuta ni kujua sarafu inaanguka katika kasi gani, na kama kuna eneo pana la kasi za kati ambamo mashine imetulia. Kila mashine ina kasi yake ambamo hutetemeka kuliko kawaida, na ukishaijua unaiepuka. Kumbuka pia kwamba mashine iliyowekwa tu juu ya meza ya duka, bila bolti, hutetemeka zaidi kuliko itakavyofanya nyumbani. Uzito humsaidia mnunuzi hapa: meza na msingi wa chuma cha kusubu humeza mtetemo ambao bati lililokunjwa huurudisha. Stendi ya miguu mitatu ina faida ya kutoyumba hata kwenye sakafu isiyo sawa, lakini benchi zito la mbao, lenye mkeka wa mpira kati yake na mashine na bolti zilizokazwa vizuri, linafanya kazi hiyohiyo bila gharama ya ziada.

Kasi, nafasi na meza

Chagua mashine ambayo kasi yake hubadilishwa kwa kitasa wakati inafanya kazi. Kasi ya chini, kama mapigo 400 hadi 600 kwa dakika, ndiyo inayomfaa anayejifunza, na ndiyo inayohitajika kwa plaiwudi nyembamba, kwa plastiki ambayo huyeyuka na kugandamana nyuma ya bledi, na kwa shaba. Ya juu inafaa mbao nene. Mashine ya kasi moja tu, au ya kubadilisha kwa kuhamisha mkanda, itakufanya ukate kila kitu kwa mwendo usiokifaa. Jaribu pia kukata ubao mgumu katika kasi ya chini kabisa, kwani baadhi ya mashine hupoteza nguvu hapo na kusimama. Na ukiagiza mashine kutoka nchi nyingine, soma kibao cha mota kwanza: mota ya volti 120 haifai kuchomekwa kwenye umeme wa volti 230.

Sasa tuje kwenye ile tarakimu ya sandukuni. Inchi 16, yaani karibu sentimita 40, ni umbali kutoka kwenye bledi hadi kwenye kiunzi cha nyuma. Umbali huo hukuwezesha kuuzungusha kikamilifu ubao ambao kona yake ya mbali haizidi sentimita 40 kutoka kwenye bledi. Herufi za majina, mafumbo ya watoto, wanyama wa mbao, visanduku na fremu za picha karibu zote huingia humo bila shida. Inchi 20 au 21 ni starehe nzuri kwa atakayetengeneza mabango na nakshi kubwa, lakini ukilazimika kuchagua kati ya inchi 20 zenye vibanio vibovu na inchi 16 zenye vibanio vizuri, chukua inchi 16. Ubao mrefu usiozunguka una dawa yake: bledi ya msokoto, yenye meno pande zote, ambayo hukata kuelekea upande wowote bila ubao kugeuzwa, ingawa njia yake ni pana na yenye kukwaruza.

Unene wa juu wa ubao katika mashine nyingi ni inchi 2, takriban milimita 50, na hutakuwa na haja ya zaidi.

Meza iwe tambarare. Weka rula juu yake kwa mshazari na utazame kama mwanga unapita chini. Nyingi huinama hadi nyuzi 45 upande wa kushoto, na baadhi huinama kidogo upande wa kulia pia. Kipimo cha nyuzi kilichobandikwa chini ya meza hakiaminiki hata katika mashine nzuri, kwa hiyo skwea ndogo, yaani kipimo cha pembe mraba, ni sehemu ya ununuzi. Zipo mashine, kama zile za Excalibur, ambazo meza hubaki palepale na kichwa chote ndicho kinachoinama, jambo la raha sana kwa anayekata mishazari mingi. Ila kwa kawaida zinapita bajeti tunayoizungumzia, na mwanafunzi hazihitaji. Tundu la meza likiwa pana mno na vipande vidogo vinatumbukia, bandika juu yake karatasi ngumu yenye kitundu cha kupitisha bledi tu.

Taa, kipulizi cha kufukuza vumbi kwenye mstari, na mdomo wa kuunganishia bomba la kufyonzea vumbi ni nyongeza nzuri zisizostahili kuamua ununuzi, kwa kuwa taa yoyote ya mezani hufaa. Nyongeza pekee ninayoipigia debe ni swichi ya mguu, ambayo huunganishwa kwenye waya wa umeme wa mashine. Mikono yote miwili hubaki juu ya ubao wakati wa kuwasha na kuzima, na kwa kazi ya matundu huokoa muda na bledi.

Fedha usizoziweka kwenye mashine

Ukiwa na fedha za sehemu 10, tumia 8 kununua mashine na ubakize 2. Fedha hizo mbili ni za bledi, biti ndogo za keekee, miwani ya kukinga macho, na barakoa nzuri, kwa kuwa vumbi la msumeno huu ni laini kama unga na hukaa hewani muda mrefu. Bledi zinazokuja na mashine kwa kawaida ni duni, na watu wengi wameihukumu mashine yao vibaya kwa sababu hiyo tu. Nunua dazeni za bledi za kiwango, kama zile za Pégas, Olson au Niqua, namba 3, 5 na 7. Namba 5 ndiyo ya kila siku kwa ubao wa milimita 19. Namba 3 ni ya ubao mwembamba na kona ndogo. Namba 7 ni ya ubao mgumu au mnene. Tafuta zenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kuelekea juu, kwani hizo huzuia ubao usichanike upande wa chini. Bledi ni kitu cha kutumika na kutupwa. Katika mbao ngumu inaweza kuwa butu ndani ya nusu saa, na anayeendelea kuisukuma huishia kuunguza ukingo wa ubao na kuikata bledi yenyewe.

Kwa mashine iliyotumika, kuna ukaguzi wa ziada. Chomoa umeme, ondoa bledi, shika ncha ya mkono wa juu na uitikise kushoto na kulia: mchezo mdogo ni wa kawaida, lakini ukisikia mgongano wa chuma, beringi au bushi zimekwisha. Iwashe na usikilize. Mvumo wa sare ni mzuri, mlio wa kugonga kila pigo si mzuri. Jihadhari na mashine za kale ambazo ncha ya chini ya bledi husukumwa na mota na ya juu hurudishwa na springi, kwa kuwa mkazo wa bledi hubadilika katika kila pigo. Thibitisha pia kwamba vipuri vyake bado vinapatikana, hasa vibanio.

Mashine mpya ikifika nyumbani, ifunge kwa bolti kabla ya kuiwasha, kisha ifanyie jaribio la wima siku hiyohiyo, wakati muda wa kuirudisha bado upo. Chukua kipande cha mbao chenye unene wa karibu milimita 45 na kingo zilizonyooka, kikate kwa kina cha milimita 2 tu, zima mashine, kisha kizungushe nusu duara mezani na ukilete kwenye mgongo wa bledi. Ikiwa bledi inaingia katika mfereji ule bila kugusa pembeni, meza na bledi ziko wima. Ikiwa inagoma juu au chini, legeza meza, irekebishe kidogo, na urudie. Baadaye, unapokata mstari wa kwanza ulionyooka, utaona bledi ikivuta kuelekea upande mmoja, mara nyingi kulia. Huo si ubovu wa mashine. Utengenezaji wa bledi huacha ukingo mmoja ukiwa na makali zaidi ya mwingine, na mkono hujifunza baada ya saa chache kuuelekeza ubao kwa mshazari wa nyuzi 2 hadi 4 ili mkato uende sawa. Ila meza ikikataa kabisa kukaa wima, au bledi ikichomoka hata baada ya kufutwa ncha zake, mashine hiyo irudishwe dukani.